Besi ya Mchina, rova ya Mswisi: je, kiwanja chako Lubumbashi kitapimwa sawasawa?

Ukipita asubuhi kwenye viwanja vipya vya komuni ya Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, huenda ukakuta vijana wamesimamisha stendi ya miguu mitatu juu ya kichuguu. Juu ya stendi kuna chombo cha mviringo, mfano wa sufuria ndogo iliyofunikwa. Mmoja wao anatembea na fimbo ya mita mbili yenye chombo kingine kichwani, anasimama kwenye kila pembe ya kiwanja, anasubiri sekunde chache, anabonyeza kitufe, anasonga mbele.

Ukiangalia vizuri, vyombo hivyo viwili havifanani. Cha kwenye stendi kimetengenezwa Guangzhou, China. Cha kwenye fimbo kimetoka Heerbrugg, Uswisi. Mwenye kiwanja amesimama kando, karatasi zake ziko ndani ya mfuko wa plastiki, na jirani yake anachungulia kutoka upande wa pili wa uzio. Wote wawili wana haki ya kuuliza swali moja: vyombo vya viwanda viwili tofauti vinasikilizana kweli? Ukuta ukijengwa kwa vipimo hivi, utasimama upande gani wa mpaka?

Jibu fupi ni kwamba vinasikilizana, ila mpimaji awe anajua anachofanya. Jibu refu lina mambo ambayo mwenye kiwanja akiyajua, hatalala na wasiwasi usio na sababu, wala hatadanganywa kirahisi.

Tuanze na kazi yenyewe. Simu yako ikikuonyesha mahali ulipo, inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa kutafuta duka hilo halina shida. Kwa kuweka jiwe la mpaka, lile tunaloliita borni huku kwetu, ni balaa. Ndiyo maana wapima ardhi hutumia vipokezi viwili. Kimoja, kinachoitwa besi, hukaa mahali pamoja siku nzima juu ya alama ambayo nafasi yake inajulikana. Cha pili, rova, hutembea. Kwa kuwa besi inajua iko wapi, inaweza kuona makosa yaliyomo kwenye mawimbi ya setilaiti wakati huohuo, kisha ikayatuma kwa rova kwa redio au kwa intaneti ya simu. Rova inayatoa makosa hayo kwenye hesabu yake, na kutoka mita kadhaa unabaki na sentimita moja au mbili.

Setilaiti zenyewe hazijui chapa ya chombo kilicho chini. GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China zinatuma mawimbi kwa kila mtu bila kuuliza. Ugumu unaanzia hapa chini, pale besi na rova zinapotakiwa kuzungumza.

Kwa nini mtu achanganye chapa? Lubumbashi jibu ni rahisi: mfuko. Jozi mpya ya chapa kubwa kama Trimble ya Marekani au Leica ya Uswisi inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Vipokezi vya Kichina, kama South, Hi-Target na CHCNAV, huuzwa kwa sehemu tu ya bei hiyo. Mji wetu ni wa migodi, na vyombo vya migodini havifi mara moja. Kampuni ikibadilisha mitambo, rova iliyobaki peke yake hupata mwenye nyumba mwingine. Mpimaji wa kujitegemea ananunua kimoja mwaka huu, kingine mwaka kesho, besi ikiharibika anaazima ya mwenzake. Hakuna aibu hapo. Hata taasisi kubwa duniani zinafanya hivyo, na zilianza zamani.

Mwaka 1989 wataalamu wa Ulaya walifanya kampeni kubwa ya kupima bara lao kwa GPS, iliyoitwa EUREF 89. Walitumia vipokezi zaidi ya 60 kutoka kwa watengenezaji wanne, na kila mtengenezaji alikuwa na faili zake ambazo wengine hawakuweza kuzisoma. Werner Gurtner, wa Chuo Kikuu cha Bern huko Uswisi, alitengeneza na wenzake muundo wa faili wa maandishi ya kawaida ambao chombo chochote kingeweza kugeuziwa. Uliitwa RINEX. Hadi leo, karibu kila kipokezi cha kupimia kinachouzwa duniani kinaweza kutoa faili ya RINEX, chenyewe au kupitia programu yake.

Hiyo ni kwa hesabu zinazofanywa jioni ofisini. Kwa kazi ya papo hapo shambani kuna lugha nyingine, RTCM, iliyopewa jina la tume ya Marekani ya redio za vyombo vya baharini, kwa sababu mwanzoni ilikusudiwa kuwasaidia mabaharia. Watengenezaji wengi wana lugha zao za nyumbani pia. Trimble, kwa mfano, ina CMR. Rova ya chapa nyingine inaweza kuielewa CMR, au ikaielewa nusunusu. Kwa hiyo sharti la kwanza la kuchanganya chapa ni besi iambiwe itume RTCM ya toleo la 3, na ikiwezekana zile jumbe ziitwazo MSM, ambazo zinabeba setilaiti za mifumo yote. Ni suala la kuchagua mstari mmoja kwenye menyu. Mpimaji asiyeufahamu mstari huo atapoteza asubuhi nzima akilaumu chapa.

Redio ni kikwazo kingine. Vyombo viwili vinaweza kuwa kwenye masafa yaleyale na bado visisikilizane kwa sababu kila kimoja kinafunga na kufungua ujumbe kwa namna yake. Hapo wengi mjini hukwepa redio na kutumia simu. Besi inatuma masahihisho kwenye seva ya intaneti, rova inayachukua huko kwa laini ya Vodacom, Airtel au Orange. Utaratibu huo unaitwa NTRIP, na uliasisiwa na taasisi ya serikali ya Ujerumani ya ramani na vipimo vya dunia, huko Frankfurt. Kwa kuchanganya chapa, hii ndiyo njia yenye kelele kidogo zaidi, almradi mtandao upo. Ukitoka Ruashi kuelekea vijiji vya mbali, redio inarudi kuwa mfalme.

Kuna mtego mmoja wa Kirusi ambao umewasumbua wapimaji wengi bila wao kujua jina lake. Setilaiti za GPS hutumia masafa yaleyale zote na kutofautishwa kwa msimbo. Zile za GLONASS, kwa mfumo wao wa tangu zamani, hutumia masafa yanayotofautiana kidogo. Sasa, ndani ya kipokezi, kila masafa huchelewa kwa kiasi chake, na uchelewaji huo hautoshani kutoka chapa moja hadi nyingine. Besi na rova zikiwa ndugu wa kiwanda kimoja, makosa yanafutana. Zikiwa za viwanda viwili, hayafutani. Matokeo yake rova inachukua muda mrefu kuandika FIX kwenye kioo, au mbaya zaidi, inaandika FIX ya uongo. RTCM ina ujumbe wa kurekebisha jambo hilo, namba 1230, lakini besi iwe inautuma na rova iwe inausoma. Kama huna uhakika, zima GLONASS. Zamani kufanya hivyo kulikuwa hasara, setilaiti zilikuwa chache. Leo Galileo na BeiDou zimejaa angani, na juu ya Lubumbashi, mahali pa wazi, rova inaona setilaiti za kutosha bila GLONASS.

Jambo la antena linahitaji uangalifu zaidi, hasa kwa watu wa migodini. Mpimaji akipima kimo kutoka kwenye jiwe hadi kwenye chombo, anapima hadi kwenye ganda. Lakini mawimbi hayapokelewi kwenye ganda. Yanapokelewa kwenye nukta iliyo ndani ya antena, na nukta hiyo iko kwenye kimo tofauti kwa kila modeli. Tofauti inaweza kuwa sentimita kadhaa, wakati mwingine kupita kumi. Chapa moja inakutaka upime wima hadi chini ya chombo, nyingine inakutaka upime kwa mshazari hadi kwenye mstari uliochorwa ubavuni. Rova inayodhani besi ni ya nduguye wakati ni ya mgeni itatoa kimo kisicho sahihi siku nzima, na kwa uthabiti wa kupendeza. Kila nukta itakuwa imekosea kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hakuna kitakachokushtua.

Kwa mpaka wa kiwanja, kosa hilo halina uzito mkubwa, kwani mpaka unahesabiwa kwa mlalo. Kwa mtaro wa maji ya mvua lina uzito. Kwa lundo la madini lina uzito wa fedha. Piga hesabu: sentimita 5 za kimo juu ya eneo la hektari moja ni mita za ujazo 500. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 20, hiyo ni safari 25 za mawe ambayo hayapo, au ambayo yapo na hayajalipiwa. Dawa ni kuhakikisha besi inatuma jina la antena yake, rova inalitambua, na kimo kimeandikwa kwa namna inayotakiwa na chombo kile. Mpimaji mzuri hupima kimo asubuhi na jioni, kwa sababu stendi hutitia, hasa juu ya kichuguu.

Na kwa kuwa tumetaja kichuguu: vichuguu vya Katanga ni virefu, vinaonekana mbali, na kila mpimaji anavipenda kwa kuweka besi. Lakini udongo wake ndio huohuo unaochimbwa kufyatulia matofali. Alama iliyowekwa juu ya kichuguu mwaka huu inaweza kuwa sehemu ya nyumba ya mtu mwaka kesho.

Mpaka hapa nimezungumzia chapa. Kwa maoni yangu, chapa ndiyo hatari ndogo. Ukuta unaoingia kwa jirani mjini Lubumbashi mara nyingi hauletwi na Mchina kuchanganywa na Mswisi. Unaletwa na kodineti, yaani zile namba zinazosema jiwe liko wapi, zilizotoka kwenye mifumo miwili na kuchanganywa kama vile ni mmoja.

Katanga ilipimwa mapema kuliko sehemu nyingi za Kongo. Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900 kusimamia ardhi ya eneo hili, ilihitaji ramani za kugawia mashamba na migodi. Kati ya mwaka 1911 na 1914 tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipanda nguzo za mpaka na nchi ambayo leo ni Zambia. Baadaye mtandao wa vipimo vya Katanga ukawekwa kwenye mfumo wake wenyewe, unaojulikana kama Katanga 1955, na mwanzo wake uko Tshinsenda, karibu na mpaka wa Zambia. Mfumo huo unatumia umbo la dunia lililohesabiwa mwaka 1866. Ng'ambo, Zambia ilitumia mfumo wa Arc 1950, wenye umbo jingine la dunia. Kisha GPS ikaja na wa kwake, WGS 84.

Kwa hiyo nguzo moja tu pale Kasumbalesa inaweza kuwa na kodineti za aina tatu, zote sahihi, kila moja kwenye mfumo wake. Kati ya Katanga 1955 na WGS 84 tofauti ni zaidi ya mita 100. Kosa la ukubwa huo hujifichua lenyewe. Hakuna anayejenga mita 100 kutoka kwake bila kugundua. Hatari ni pale mtu anapojaribu kuliziba kwa kukisia, kwa kusogeza namba hadi ramani ya zamani ifanane na uzio uliopo. Hapo zinabaki mita mbili tatu zisizo na mwenyewe, na mita mbili tatu ndizo watu wanazogombania.

Kosa la kawaida zaidi ni jepesi kuliko hilo. Besi nyingi zina kitufe kinachosema, kwa maana, "chukua mahali hapa". Mpimaji mwenye haraka anakibonyeza, besi inakisia nafasi yake yenyewe kama simu inavyokisia, ikikosea mita mbili, tatu au zaidi, kisha kazi inaanza. Nukta zote za siku hiyo zinapatana zenyewe kwa zenyewe hadi sentimita, kiwanja kina vipimo kamili, kioo kimeandika FIX kila mara. Kesho yake mwenzake anakuja na besi ya chapa nyingine, anasimama hatua chache kando, anabonyeza kitufe kilekile. Viwanja alivyopima yeye vinapishana na vya jana kwa mita. Watu wanasema: unaona, chapa hizi hazipatani! Chapa hazina kosa lolote. Kila besi ilipewa mahali pa kubuni.

Hata bara lenyewe halijatulia. Sehemu hii ya Afrika inasogea kuelekea kaskazini mashariki kwa karibu sentimita 2.5 kila mwaka, ukipima kwa mfumo wa kimataifa. Alama iliyopewa kodineti miaka 12 iliyopita na alama iliyopewa kodineti leo zitatofautiana kwa karibu sentimita 30 bila mtu yeyote kukosea. Na anayechanganya GPS na kile kifaa cha darubini kinachopima umbali ardhini atakutana na tofauti nyingine: kwenye ramani ya UTM, ukanda wa 35 Kusini, kilomita moja ya Lubumbashi hutoka fupi kwa zaidi ya nusu mita kuliko kilomita ya ardhini, kwa sababu ya namna ramani inavyochorwa na kwa sababu mji wetu uko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 hataliona hilo. Mwenye shamba ataliona.

Uzito wa haya yote unatokana na sheria. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na hati inayomlinda ni cheti cha usajili. Cheti hicho kinasimama juu ya vipimo na mawe ya mpaka. Upande wa migodi, sheria ya mwaka 2002 iligawa nchi kwa miraba, kila mraba ukihesabiwa kuwa hektari 84.955, na mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kuweka mawe kwenye pembe za eneo lake. Pembe hizo zinaishi kwenye karatasi kama latitudo na longitudo. Ni kipokezi kinachozileta ardhini. Kijiji kilicho kando ya leseni kinamtegemea mpimaji ambaye hakikumwajiri.

Suluhisho la besi yenye mahali pa kubuni halihitaji kununua chombo kipya. Mpimaji anaiacha besi yake irekodi saa kadhaa juu ya alama imara, anageuza faili kuwa RINEX, anaituma kwenye huduma za bure za mtandaoni. Serikali ya Australia ina AUSPOS, ile ya Kanada ina CSRS-PPP. Zinapokea faili ya chapa yoyote iliyorekodiwa kwa masafa mawili, ziwe za Guangzhou au Heerbrugg, na kurudisha jibu kwa barua pepe: alama yako iko hapa, kwa mfumo wa kimataifa, kwa tarehe fulani. Wapimaji wawili wa Lubumbashi wasiojuana, wenye chapa mbili, wakifanya hivyo na kuzingatia tarehe, kodineti zao zitapatana kwa sentimita chache.

Wewe mwenye kiwanja huhitaji kuyajua yote haya kwa moyo. Lakini kabla hawajafunga stendi, muulize mpimaji besi ilisimama juu ya alama gani na kodineti zake zilitoka wapi. Akijibu kwamba chombo kilijipatia chenyewe, mwombe asipande borni bado. Mwombe arudi kwenye jiwe la kwanza alilopima asubuhi alipime tena, mbele yako na mbele ya jirani. Wakiwa na rova ya pili ya chapa nyingine, ni bora zaidi, iwekwe juu ya jiwe hilohilo. Namba zikitofautiana kwa sentimita mbili au tatu, kazi ni safi. Zikitofautiana kwa shubiri, kuna jambo halijakaa sawa, na saa hiyo ndipo pa kulitafuta, saruji ikiwa bado mbichi.

Mwombe pia faili ghafi za siku hiyo, za besi na za rova, kwa RINEX, pamoja na karatasi ya kimo cha antena na jina la modeli. Uziweke na cheti chako. Mpimaji wa miaka 15 ijayo, akiwa na chapa ambayo leo hata haijaanzishwa, ataweza kuzifungua.